Ncha Mbili za Waya Mmoja

Kikuyu, Dodoma
Jumamosi alasiri

Mwanangu Sechelela,

Desturi ya barua ni kuulizana hali kwanza, lakini hali yako naisikia kutoka hapa nilipo. Uko uani na mdogo wako mnakunja nguo, na kila baada ya muda mfupi mnaangua kicheko. Mimi nimejifungia chumbani nikasema kichwa kinaniuma. Hakiumi. Huo ni uongo wa kwanza ninaoukiri humu, na ndio mdogo kuliko wote.

Sitakuandikia habari za mlenda mkavu niliokufungia, wala blanketi, wala kufuli la mlango. Hayo tumeyasema mpaka sasa unaniitikia "sawa Mama" kabla sijamaliza sentensi. Nataka kukuambia jambo moja tu, ambalo nimekaa nalo tangu ukiwa mtoto mdogo, na ambalo lazima ulijue kabla hujapanda basi la Singida. Nimejaribu kulisema kwa mdomo wiki hii yote. Jumanne nilianza, ukakumbuka kwamba chaja yako iko kwa jirani. Alhamisi nikaanza tena, nikaishia kukuuliza kama una soksi za kutosha.

Kila anayekuja kukuaga anasema umefuata nyayo za mama. Mama fundi wa mitandao ya kompyuta, binti naye fundi wa mitandao ya kompyuta. Nami nacheka nao na kuwaongezea chai. Leo nakueleza nilivyoingia kwenye kazi hii, maana hadithi niliyokuwa nakusimulia siku zote niliikata katikati kwa makusudi.

Unajua kwamba nilianza kama mhudumu wa ofisi. Ulikuwa na miaka mitatu. Kazi yangu ilikuwa kufagia, kupika chai, na kupeleka mafaili kwa wakubwa kutoka masjala, kisha kuyarudisha. Nilikuwa hodari, sioni aibu kujisifu. Ofisi ilikuwa na watu kumi na wanane, na nilijua nani anakunywa chai ya rangi, nani ya maziwa, na nani amekatazwa sukari na mkewe lakini anaomba vijiko vitatu akifika kazini. Tena nilikuwa na ule ugonjwa unaoujua, wa kutovumilia kitu kilichokaa ovyo. Bibi yako wa Msalato ndiye aliyeniambukiza. Kwake, kibuyu kikisahauliwa bila kifuniko unaamshwa usingizini ukakifunike.

Fundi wa kompyuta wa ofisi ile aliitwa Elia. Ndiyo, Seche, Elia huyo huyo unayekwenda kumfanyia kazi kuanzia Jumatatu.

Wakati ule alikuwa kijana mwembamba, bisibisi haikosi mfuko wa shati. Alikuwa ametandaza nyaya za buluu chumba hadi chumba, ndiyo kwanza kompyuta za ofisi ziunganishwe. Siku moja nilimpelekea chai masjala nikamkuta amepiga magoti nyuma ya kabati la mafaili, mbele ya kisanduku kidogo chenye matundu na taa zinazometameta.

"Mama Seche, njoo uone," akasema. "Kidude hiki ndicho kinachozifanya kompyuta zote humu zisemezane. Nipe dakika mbili tu nikueleze."

"Hayo ya wasomi, kaka," nikamjibu. "Mimi nimeleta chai."

Tukacheka wote wawili nikaenda zangu. Ukweli ni kwamba nilitamani kujua, ila niliona aibu. Niliogopa aanze kueleza nikwame kwenye neno la kwanza, naye anione mjinga.

Haikupita muda, ofisi ikapata mgeni mwenye kompyuta ya mkononi. Elia akamvutia waya mrefu kutoka kwenye kile kisanduku. Mgeni alipomaliza shughuli zake akaondoka, ncha moja ya waya ikabaki kwenye kisanduku, na ncha nyingine ikabaki imelala sakafuni, pale pale watu wanapopita. Jumatatu asubuhi na mapema nikafika na ufagio wangu. Nikaiona ile ncha. Nikaangalia kile kisanduku, nikaona tundu moja liko wazi. Ncha ikaingia barabara, ikalia tiki. Nikafuta vumbi juu ya kabati, nikaondoka nimeridhika kabisa.

Saa tatu haijafika, kompyuta zote zikawa kama zimegandishwa. Faili halifunguki, hakuna kinachochapika, hakuna barua pepe inayotoka. Watu waliokuja kufuata vibali kutoka Bahi na Mpwapwa wakaambiwa rudini kesho, na kesho yake wakaambiwa tena rudini kesho. Elia hakula siku mbili. Alizima na kuwasha kila kitu, akakagua nyaya moja moja akitafuta iliyokatika. Hakuna iliyokatika. Nyaya zote zilifanana, zote zimechomekwa vizuri, taa zote zinawaka. Akaanza kuzunguka meza hadi meza akiuliza kama kuna aliyegusa chochote, akafika na kwangu jikoni.

"Mama Seche, hujagusa kitu kweli?"

"Sijagusa kompyuta ya mtu, kaka," nikasema.

Na kwa akili yangu ya siku ile nilikuwa nasema kweli. Siku ya tatu mkuu wa ofisi akaleta fundi kutoka Dar es Salaam. Yule akang'oa nyaya zote, akazirudisha moja moja kwa kufuata meza. Waya mmoja ukabaki hauna meza, akautupa juu ya kabati. Mtandao ukarudi. Akamwambia mkuu kwamba kazi ya mwanzo ilipangwa ovyo, na mchana ule ule Elia akaandikiwa barua ya kuondolewa.

Watu walijifanya wana shughuli nyingi alipokuwa anakusanya vifaa vyake. Mimi nikamchemshia chai ya tangawizi, nikampelekea na karanga za kukaanga kwenye kisahani. Alikishika kikombe kwa mikono miwili. "Wewe peke yako ndiye uliyenikumbuka," akaniambia. Nikalia alipotoka, maana nilimhurumia. Nilimhurumia tu, Seche. Sikujua.

Sasa nivumilie kidogo. Najua una cheti, na utacheka kuona mama yako anakufundisha swichi ni nini. Lakini nataka uyaone maneno haya kama nilivyoyakuta mimi, jipya baada ya jipya, kwa sababu hiyo ndiyo njia iliyonifikisha nilipojua nilichokifanya.

Miezi michache baadaye ofisi ilitafuta mtu wa kwenda kozi fupi kule Chimwaga, walau apatikane wa kuwasha na kuzima mitambo kabla fundi hajafika. Hakuna aliyetaka. Mimi nikanyoosha mkono, wakacheka, lakini wakanipeleka. Nilikuwa nazikumbuka zile dakika mbili nilizomnyima Elia.

Mwalimu alikuwa mama wa makamo, mpole, hana haraka. Alianza na neno lenyewe, mtandao. Mimi nilidhani mtandao ni intaneti. Akasema kompyuta mbili zikiunganishwa humu darasani zikaweza kupeana taarifa, huo tayari ni mtandao. Intaneti ni mitandao ya dunia nzima iliyounganishwa pamoja. Na wifi si intaneti, ni njia tu ya kuunganisha vifaa bila waya. Hili nimemfundisha baba yako mara mia moja, na hadi leo kifurushi cha simu kikikata anasema wifi imeisha.

Akaingia kwenye pakiti. Taarifa haisafiri nzima nzima. Hukatwa vipande vidogo, na kila kipande huandikwa kinatoka wapi na kinakwenda wapi, kisha vyote huungwa tena vikifika. Anwani inayoandikwa pale ni namba, ndiyo inayoitwa anwani ya IP, na katika mtandao mmoja mashine mbili hazitakiwi kuwa na namba moja. Nikaandika kwenye daftari langu, mwandiko wangu ule wa kulala.

Halafu akaweka mezani kisanduku chenye matundu na taa. Nilikitambua mara moja.

"Hii ni swichi," akasema. "Inajua mashine ipi iko kwenye tundu lipi, kwa hiyo inapeleka pakiti kwa mwenyewe tu. Nani anaweza kunipa mfano?"

Nikanyoosha mkono. "Ni kama mimi na chai," nikasema. "Siwamiminii watu wote kila kikombe. Najua nani anakunywa nini na amekaa wapi."

"Safi kabisa!" Darasa likacheka, lakini kwa uzuri. Akaendelea kwamba swichi inahudumia waliomo ndani ya nyumba tu, na rauta ndiyo inayotoa pakiti nje na kuzipeleka kwenye mitandao mingine. Nilifurahi siku ile, Seche. Nilijiona msomi.

Kesho yake akatufundisha tangazo. Mashine isiyojua mwenzake yuko wapi hupaza sauti kwa wote, nani mwenye anwani hii? Swichi inaisambaza sauti hiyo kwenye matundu yote isipokuwa lile ilimoingilia, mhusika anaitika, na mambo yanatulia. Nikaona ni jambo la kawaida, hata sisi tukifika nyumba ya watu tunapiga hodi hatujui nani atatoka.

"Sasa angalieni," akasema mwalimu. Akachukua waya mfupi. Akachomeka ncha moja kwenye swichi, akachukua ncha ya pili akaichomeka kwenye tundu la pembeni, kwenye swichi ile ile. "Hiki tunakiita kitanzi. Tangazo litatoka hapa, litaingia pale, swichi itadhani ni jipya, itasambaza tena, litarudi tena. Kwa muda mfupi sana mtandao mzima umejaa sauti hiyo hiyo na hakuna pakiti nyingine inayopita. Na hutaona waya uliokatika. Kila kitu kitaonekana kimechomekwa vizuri."

Kuna aliyeuliza, "Nani atafanya ujinga huo?"

"Si ujinga," mwalimu akasema. "Mara nyingi ni mtu msafi tu. Ameona ncha inaning'inia, akaitafutia mahali."

Nikaomba ruhusa ya kutoka. Nilikwenda nikasimama nyuma ya jengo, upepo ule wa huko unanipiga vumbi usoni. Nilikuwa nasikia ile tiki masikioni. Nilimwona Elia amepiga magoti siku mbili mbele ya waya niliouchomeka mimi.

Ningeweza kurudi siku ile ile nikaingia kwa mkuu na kusema. Nikajiambia nitamaliza kozi kwanza. Nilipomaliza nikajiambia nina mtoto mdogo na kibarua chenyewe cha chai, nikifukuzwa nitakulisha nini. Baadaye wakaona naweza, wakanipa mitambo yote niisimamie, wakanipa na meza. Meza ya Elia. Nikakaa kwenye kiti chake, Seche, na droo ya chini ilikuwa na kitabu chake cha namba za simu, na yake mwenyewe imeandikwa kwenye jalada. Siku moja nilipiga. Akapokea, akasema haloo, haloo, nani mwenzangu? Nikakata. Sikupiga tena mpaka mwaka huu.

Ukiniuliza kosa langu liko wapi, sitakuambia ni ule waya. Waya niliuchomeka bila kujua, na hata mbele ya Mungu naweza kusimama na hilo. Kosa langu ni siku zote zilizofuata baada ya kujua. Kila siku nilisema nitasema, na kila siku ikawa vigumu zaidi kuliko jana yake, mpaka nikaanza kuwasimulia watu kwamba nilijifunza kazi hii kwa kiu ya elimu. Watu wakanisifu. Wewe ukanisifu, ukaandika insha shuleni kuhusu mama yako, nami nikaibandika ukutani.

Naomba uchukue vitu vichache kutoka kwenye aibu yangu, vikufae. Ukikuta mtandao wa watu umekufa, usianze kwa kuuliza nani kaharibu. Ukiuliza hivyo, kila mtu atakuambia hajagusa, na wengine watakuwa wakweli kama nilivyokuwa mimi. Uliza nini kimebadilika tangu jana, nani alihamisha meza, nani alifagia. Mhudumu muulize kwa heshima, maana yeye ndiye anayeingia vyumba vyote. Na ukimwona anaangalia kazi yako kwa mbali akijifanya hana haja, mweleze, hata akikataa mara ya kwanza. Elia aliniita mara moja tu. Simlaumu, lakini wewe ita mara mbili.

Na ukitumia ping, ile pakiti ndogo unayoituma kuuliza mashine kama ipo, usipojibiwa usiseme haraka kwamba mwenzako amekufa. Pengine yuko hai kabisa, ameamua tu kutojibu. Mimi nilikuwa hai muda wote huu.

Swichi za siku hizi nyingi zina akili ya kugundua kitanzi na kulifunga tundu moja zenyewe. Ile yetu haikuwa nayo, na ndani yangu pia haikuwamo.

Sasa nifike kwenye wiki tatu zilizopita. Uliingia ndani unakimbia, viatu hujavua. "Mama! Bosi wangu mpya anakufahamu! Ameona jina lako kwenye fomu yangu. Anasema siku anafukuzwa kazi huku Dodoma, wewe peke yako ndiye uliyempa heshima. Anasema mtoto wa mama yule hawezi kumwangusha." Ukanikumbatia. Ukaniuliza mbona nalia, nikakuambia ni furaha.

Nafasi hii umeipata kwa cheti chako na kwa akili zako, usitilie shaka. Lakini kilichomfanya Elia akuchague wewe kati ya wengine ni kikombe cha chai ya tangawizi, kilicholetwa na mkono ule ule uliomfukuzisha. Hilo ndilo ninaloshindwa kulimeza. Siwezi kukuacha ukae na mtu yule, akufundishe kazi, akualike kwake, huku anakuamini kwa jina langu asilolijua vizuri.

Juzi nimemweleza baba yako. Alichukua jembe akaenda kupalilia mizabibu ambayo haikuwa na gugu hata moja. Aliporudi akasema, "Mwambie mtoto kwanza. Kazi ni yake." Ana haki. Ndiyo maana nitakupa barua hii kabla ya chakula cha jioni, kisha nitakwenda kwa shangazi yako mpaka umalize kuisoma.

Asubuhi ya leo nimempigia Elia. Safari hii sikukata. Nilipotaja jina langu alipiga kelele za furaha mpaka nikaitoa simu sikioni. Nikamwambia nina neno la kumweleza ana kwa ana, si la simu. Akasema karibu sana, kesho mkewe atapika. Hakuuliza neno gani.

Kwa hiyo kesho hutasafiri peke yako. Nimekata tiketi ya pili, basi lile lile la saa kumi na mbili asubuhi. Tukifika, wewe utakwenda kwenye chumba chako ukafungue mizigo au usiifungue, utakavyoona. Mimi nitakwenda kwake na nitamwambia yote niliyokuandikia hapa, kabla sijagusa chakula chake. Huenda akakutaka bado. Huenda asitake kuuona uso wa mtu yeyote wa nyumba hii, na kama ni hivyo nitakuwa nimekupotezea kazi yako ya kwanza, na tutarudi wote kwa basi la jioni. Nimejua hivyo kabla ya kukata tiketi, na nimeikata. Nisamehe kwa kutokuuliza ruhusa. Ningekuuliza, ningekuwa nakubebesha wewe kuamua kama mama yako aendelee kuwa mwongo.

Nimechagua kiti cha nyuma yako, siyo cha pembeni. Ukitaka kunisemesha, geuka. Usipotaka, nitaangalia kisogo chako mpaka Manyoni, mpaka Singida, na sitakulaumu.

Mama yako